Majibu Yaliyokwama Msalato

Jumatatu, 15 Januari

Nimefungua ofisi mapema. Nimefagia. Nimechomeka nyaya zote, taa za mashine zikawaka. Nimefuta meza. Vumbi la hapa Msalato halina adabu. Unafuta, unageuka, limerudi. Halafu kikohozi. Nimekwenda kukoholea nyuma ya kontena ili Mama Chilewa asinikute.

Kazi hii ya ofisini nimepewa kwa sababu ya kifua. Zamani nilikuwa kutwa nzima kwenye mtambo wa kokoto, pale juu mawe yanapoingia. Foremani aliniona natema mate ya kijivu. Akasema asubuhi niwe nafungua ofisi na kusafisha, kisha nipande mtamboni, jioni nirudi kufunga. Si huruma. Anaogopa nitamwangukia mikononi.

Mama Chilewa ndiye karani wa kambi. Mgogo wa Kongwa. Mkali. Leo ameniita, akaniambia mkataba wangu mpya umeshachapwa, nisaini kabla mwezi haujaisha. Mkataba wa mtamboni, mwaka mzima. Nikamuuliza majibu ya kifua yako wapi. Maana mwezi uliopita lilikuja gari la eksirei hapa kambini, tukapigwa picha sote wa mtamboni, daktari akasema majibu yatatumwa kwa kampuni. Mama Chilewa akasema yametumwa ila barua pepe haifungui. Kuna shida ya cheti cha usalama kwenye seva.

Seva ni lile sanduku jeusi chini ya meza yake. Ninalifuta vumbi kila siku. Sijawahi kuona cheti chochote hapo.

Sitasaini. Kama kifua tayari kina kitu, mwaka mwingine pale juu utanimaliza. Kwanza majibu, halafu sahihi.

Jumanne, 16 Januari

Nimelala vibaya. Nimefikiria jambo moja tu. Mkataba umefika, majibu hayajafika. Vyote vinatoka makao makuu Dar es Salaam. Kwa nini kimoja kipite na kingine kikwame?

Mkataba ulikuja kwa gari la vipuri, ndiyo jibu la Mama Chilewa. Majibu ya hospitali ni siri, hayapakiwi kwenye gari pamoja na mikanda ya mtambo, hayatumwi kwa simu ya mtu. Lazima yapite kwenye barua pepe ya kampuni. Amesema hivyo bila kunitazama, macho kwenye kioo cha kompyuta.

Nimemweleza Salimu. Ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Msandawe wa Chemba, kijana wa miaka thelathini, anacheka kila kitu. Akiongea na mama yake kwa simu chumba kizima kinajaa milio ya ulimi wao, mimi siambulii hata neno. Amenisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Mha, wewe hata ukipewa chumvi unauliza imechotwa Uvinza upande gani."

Nikamwambia wanataka tusaini tukiwa gizani. Mtu akipatikana mgonjwa baada ya kusaini, watasema alikubali mwenyewe.

"Basi niachie mimi giza langu. Kifua changu cha ng'ombe hiki."

Akajipiga kifuani. Akakohoa. Tukacheka wote, lakini mimi sikufurahi.

Alhamisi, 18 Januari

Amekuja fundi wa kompyuta kutoka mjini. Jina lake Ibra. Kijana mwembamba, pikipiki, begi mgongoni, viatu vyeupe kwenye udongo huu. Ameniamkia vizuri. Nimeambiwa nibaki nisogeze meza na kumulika tochi chini kwenye nyaya. Nimefurahi. Nimetaka kuona kwa macho yangu.

Kwanza ameunganisha kompyuta yake na seva. Halafu ameandika, amesoma, ameguna. Nimemuuliza hicho cheti ni kitu gani hasa. Hakunidharau, lazima niandike hivyo. Amesema zamani barua zilikuwa zinapita mlango ukiwa wazi. Tangu mwaka huu uanze, makao makuu wameweka ulinzi. Kabla barua haijapita, mashine ya kule inaonyesha cheti na ya hapa inaonyesha chake. Kila moja inakagua cha mwenzake. Kimetolewa na nani, kinaanza lini, kinaisha lini. Kikiwa na kasoro, mlango haufunguki.

Nikasema ni jambo la maana, mimi pia ningefanya hivyo. Akacheka.

Amesema cheti cha hapa kilikuwa kimekwisha muda. Ameweka kipya. Ametuma barua ya majaribio, ikaenda. Imejibiwa, ikaingia. Mama Chilewa akapiga makofi. Nikauliza, majibu yetu? Ibra akasema barua zilizokwama ni nyingi, makao makuu wanaziachia usiku tu mtandao ukiwa mwepesi. Kesho asubuhi zitakuwa zimejaa tele.

Ameondoka na chupa ya maji ya Mama Chilewa. Nimefunga ofisi jioni kwa furaha. Nimefagia hata chini ya kabati.

Ijumaa, 19 Januari

Hakuna kitu. Mama Chilewa amewasha, kioo kimeleta maandishi mekundu yale yale. Cheti hakiaminiki.

Yaani jana mbele yetu kilifanya kazi. Fundi ameondoka, na chenyewe kimeondoka.

Nimefikiria siku nzima nikiwa mtamboni, barakoa mdomoni, masikio yakiuma kwa kelele. Fundi analipwa kila anapokuja. Akitengeneza kikatengenezeka, hana sababu ya kurudi. Fundi wa redio kule kwetu Kasulu alikuwa hivyo. Redio inaimba dukani kwake, ukifika nayo nyumbani imekuwa bubu.

Mama Chilewa amempigia simu mbele yangu. Amemfokea. Au alijifanya kumfokea. Sijui tena.

Jumapili, 21 Januari

Kanisani asubuhi. Sikuimba, pumzi haitoshi kwa wimbo mrefu. Nimesimama tu na kitabu.

Mke wangu amepiga. Ameuliza kama majibu yametoka. Nikasema bado. Akauliza kama nimesaini. Nikasema bado. Akasema mahindi yamestawi mwaka huu. Ninajua alichotaka kusema. Nisiposaini nirudi, na nikirudi tutakula mahindi hayo hayo na ada ya binti yetu Yusta haitatoka kwenye mahindi.

Alasiri mvua ya nguvu na radi. Mbuzi wa watu wamekimbilia chini ya lori letu. Radi ya nchi hii kavu ni mbaya, inapiga tambarare nzima hakuna mlima wa kuizuia. Wakati wa mvua za mwaka jana iliunguza televisheni ya bwalo na friji ya mpishi pamoja. Tangu siku hiyo sina mchezo nayo.

Salimu amelala fofofo kwenye radi ile. Mtu asiye na mashaka ana bahati.

Jumatatu, 22 Januari

Ibra amerudi. Viatu vile vile, sasa vimekuwa vya kahawia. Safari hii sikumuuliza kitu. Nimemtazama vidole.

Ameunganisha kompyuta yake kama mara ya kwanza. Amepekua. Kisha akajipiga paji la uso. Eti cheti hakisimami peke yake, kinadhaminiwa na cheti kingine, na hicho kinadhaminiwa na kingine tena kikubwa. Yeye aliweka cha chini, akasahau cha katikati. Bila mdhamini wa katikati cheti ni yatima. Ameweka. Barua ya majaribio imeenda, imerudi. Kila kitu kijani.

Maneno yana mpangilio mzuri. Uongo mzuri nao una mpangilio mzuri.

Mama Chilewa akamwambia:

"Ibra, mwanangu, kesho hii kitu ikigoma tena, nakuja kwenu kwa mama yako."

"Haigomi, mama. Ikigoma nakatwa masikio."

"Masikio yako ya nini mimi? Nataka barua zangu."

Wamecheka pamoja. Nimeona wanavyocheka. Watu waliogombana kwa simu Ijumaa.

Jioni nimefunga mwenyewe. Nimehakikisha dirisha, nimehakikisha kufuli. Hakuna atakayeingia usiku kugusa kitu. Kama asubuhi imekufa, basi imeuawa kutoka mbali na mwenye kompyuta ya kuunganisha.

Jumanne, 23 Januari

Imekufa.

Sikushangaa. Nilitamani kufurahi kwamba nilijua, lakini hakuna raha ndani yake.

Mama Chilewa amepiga simu makao makuu. Amewaomba wamsomee tu majina yenye tatizo. Wamemjibu wameshatuma, angalieni barua pepe. Amekata simu kwa nguvu. Ameniambia, Baba Yusta, mimi nimechoka, saini basi, majibu yatakuja tu. Nikamtazama. Hilo ndilo neno nililokuwa nalisubiri tangu siku ya kwanza. Saini basi.

Nimemwambia sisaini. Ameniambia Ijumaa ndiyo mwisho, baada ya hapo nafasi yangu inatolewa kwa mwingine. Wapo getini kila asubuhi wanaoitaka.

Mchana Salimu amesaini. Hakuniambia, nimeambiwa na mpishi. Nilipomkuta chumbani alikuwa anakula mlenda, akanisogezea bakuli. Sikula. Akasema ana mama, ana wadogo, hawezi kusubiri sanduku la chuma liamke. Ni kweli. Lakini nimeona kama amenihama.

Sasa ni mimi peke yangu niliyebaki bila sahihi.

Jumatano, 24 Januari

Leo wameanza na mimi.

Ibra hakuja. Alizungumza na Mama Chilewa kwa simu, mama akiwa nje ya kontena, sauti ya chini. Mama alipoingia aliniuliza maswali ya ajabu. Ninafika saa ngapi. Ninaondoka saa ngapi. Nani mwingine ana ufunguo. Kama huwa nakaa kwenye kiti chake. Kama naelewa kompyuta.

Nikamwambia mimi niliacha shule darasa la sita, kompyuta naifuta tu. Akasema sawa. Halafu akanyoosha mkono na kuomba ufunguo. Kuanzia leo atafunga na kufungua mwenyewe.

Nimempa. Nimeuweka mezani kwa nguvu, nikatoka bila kuaga. Atadhani ni hatia. Ilikuwa hasira.

Nimeelewa wanavyopanga. Kwanza wananificha majibu. Nikikataa kusaini, wananitafutia kosa. Nikifukuzwa kwa kosa, hakuna tena wa kuulizia majibu. Kazi safi kabisa.

Sijamwambia mke wangu.

Alhamisi, 25 Januari

Imeamka.

Usiku wa kwanza bila ufunguo mikononi mwangu, na barua zote zimeingia. Nimesikia kelele za Mama Chilewa kutoka kontenani mpaka kwenye matangi ya maji. Lundo la barua, za tangu mwezi uanze. Watu wamekusanyika mlangoni kama kuna ugawaji wa nguo.

Nimesogea na mimi. Wamenipisha. Si kwa heshima. Nimeona macho yao. Foremani amesema kwa sauti ya kusikika, kumbe mchawi tulikuwa tunamlipa.

Nimemuuliza Mama Chilewa, majibu yangu yamo? Akasema yamo. Nikasema nipe. Akasema Injinia, mkuu wa kambi, yuko Kibakwe kwenye chanzo cha maji cha kampuni, anarudi kesho, majibu yatatolewa na yeye, na kabla ya majibu kuna maswali nitajibu. Akafunga mlango.

Majibu yako mita chache kutoka nilipo na siwezi kuyaona. Nimepanda mtamboni. Nimefanya kazi mpaka nikatapika kwa kukohoa. Salimu akanishusha, akanipa maji, akaniuliza polepole:

"Mha, niambie mimi. Ulikuwa unafanya nini mle ndani?"

Hata yeye.

Ijumaa, 26 Januari

Nitaandika yote kama yalivyokuwa maana yamenichosha kuyabeba.

Nimeitwa kontenani. Injinia kwenye kiti cha Mama Chilewa, tope la Kibakwe bado liko kwenye buti. Mama Chilewa amesimama karibu na kabati. Ibra amechuchumaa chini karibu na seva, kompyuta yake mapajani. Mimi mlangoni.

Injinia hakuzunguka. Siku zote nilizofunga mimi, seva ilikutwa imekufa. Usiku mmoja aliofunga mama, imeamka. Nani ananituma? Kuna kampuni nyingine inataka barua zetu zisifike?

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Yote yakapotea. Nikasema moja tu. Mimi ndiye ninayesubiri barua humo ndani. Kila mtu kambini anajua. Ningejizibia mwenyewe ili iweje?

Injinia akamtazama Mama Chilewa. Nadhani hilo hawakuwa wamelifikiria. Nikaongeza kwamba wao ndio wanaojua kwa nini walitaka nisaini kabla ya kuona. Mama Chilewa akashika kiuno.

"Heee! Mimi? Baba Yusta, unanisema mimi?"

"Nakusema wewe, mama. Na huyu kijana anayekula posho ya kuja na kurudi."

Ibra akainua uso. Hakukasirika. Alikuwa na sura ya mtu anayetafuta sindano. Akaniuliza:

"Mzee, samahani. Jioni ukifunga hapa, unafanya nini na nini? Anza mwanzo."

Nikamwambia. Nafagia. Namwaga takataka. Nafunga dirisha. Nachomoa umeme. Nafunga mlango.

"Unachomoa upi?"

Wote. Kila kitu kilicho ukutani. Kwa ajili ya radi. Asubuhi nikifika nachomeka vyote kabla mama hajaingia, ili akute mashine zimeshapata moto. Hakuna aliyenituma, ni akili yangu tu. Kila mtu mwenye akili anachomoa vitu vyake wakati wa masika, hata nyumbani kwao Injinia bila shaka wanachomoa.

"Na kile kiboksi cha chini? Cha kutunza umeme?"

Hicho nilikuwa nakizima kwa kidole, maana kinapiga kelele nikichomoa.

Ibra akakaa sakafuni na viatu vyake na kila kitu. Akacheka mpaka akashika tumbo. Mama Chilewa akaweka kiganja mdomoni. Injinia peke yake hakuelewa, na mimi.

Ibra akatuonyesha. Alichomoa waya wa seva, akazima kiboksi, akasubiri, akarudisha. Safari hii hakuunganisha kompyuta yake. Aliomba kioo cha mama, akakiunganisha na seva. Pale kwenye kona ya chini kulikuwa na tarehe. Ilikuwa ya miaka mingi iliyopita. Yusta alikuwa bado ananyonya.

Ndani ya seva kuna betri ndogo kama kifungo cha koti. Kazi yake ni kukumbuka saa umeme ukikatika. Imekufa. Kwa hiyo kila asubuhi nilipochomeka, ile mashine iliamka ikidhani ni miaka ile. Makao makuu wakaionyesha cheti kilichotolewa mwaka huu. Yenyewe ikakataa. Na kila Ibra alipokuja, akiunganisha tu kompyuta yake saa ilijirekebisha yenyewe kabla hajaitazama, kila kitu kikawa kizima, akaenda zake. Usiku barua zikija, seva imechomolewa, hakuna wa kupokea. Usiku aliofunga mama haikuchomolewa, ikarekebisha saa yake kutoka makao makuu kama ilivyopangiwa kila usiku wa manane, barua zikaingia.

Akaniambia:

"Mzee, mtu akikuonyesha kitambulisho kilichotolewa mwaka ambao bado haujafika, utamwamini?"

Nikasema simwamini. Ningemfukuza.

"Basi na yenyewe ilikuwa inafukuza."

Kwa dakika moja nikaielewa ile mashine kuliko watu wote mle ndani.

Ibra akasema kosa ni lake, fundi anaanza na saa, yeye alianza na vyeti. Mama Chilewa akasema la kwake. Mwaka jana aliambiwa seva haizimwi kamwe, akalibeba hilo kichwani mwake, hakumwambia anayefagia. Injinia akasema wote waache kugombea kosa. Mikono niliyokuwa naitafuta kila siku ilikuwa yangu.

Halafu Mama Chilewa akasoma barua moja kati ya zilizoingia, kwa sauti, na sauti yake ikawa ndogo. Imetoka makao makuu mwanzoni mwa mwezi. Mfanyakazi yeyote wa mtambo wa kokoto asisainishwe mkataba mpya kabla ya kupewa majibu ya kifua.

Hakuna aliyekuwa amenificha. Walikuwa wameandika kile kile nilichokuwa nakidai. Nikakichomoa kila jioni.

Injinia akawaambia watupishe. Tukabaki wawili. Akanipa karatasi ya majibu. Nimeisoma mwenyewe, polepole, maneno mengine sikuyajua na akanieleza. Mapafu yote mawili yana makovu ya vumbi la mawe. Makovu hayafutiki. Nikiendelea na vumbi yataongezeka. Nikiacha sasa, yanaweza kubaki hapo yalipo. Nisirudi mtamboni hata siku moja. Nipimwe tena katikati ya mwaka.

Nikamuuliza kama ana hakika ile picha ni yangu. Kwamba hawakuchanganya na ya mtu mwingine.

Hakunicheka. Akanionyesha jina, na umri, na mfupa wa bega la kushoto uliovunjika nikiwa kijana. Ni wangu.

Jumamosi, 27 Januari

Salimu ni mzima. Kifua safi. Mkataba wake wa kwanza umechanwa, amesaini mwingine na barakoa mpya juu. Alinitazama kama mtu aliyeiba kitu changu. Nimemwambia nimefurahi. Ni kweli nimefurahi. Na pia nimeona wivu, mkali, kama njaa.

Foremani amenipa mkono. Sikuutaka, nikaupokea.

Injinia amesema kuna nafasi Kibakwe, kulinda na kuendesha pampu kwenye chanzo cha maji. Milimani, hakuna vumbi. Si kwa huruma, aliyekuwepo amehama. Mama Chilewa amechapa mkataba mwingine. Nimeusoma mstari kwa mstari, yeye akisubiri bila kuguna. Nimesaini.

Nilipokuwa natoka ameniambia mbukwa, salamu ya kwao, akasema huko Kibakwe kuna baridi, nichukue blanketi. Nikamwomba radhi kwa yale niliyosema. Akasema yeye pia aliniuliza kama nakaa kwenye kiti chake.

Nimempigia mke wangu. Nilitaka kumwambia ni jambo dogo. Nimemwambia lilivyo. Hakulia kwenye simu. Ameniuliza kama nimekula.

Jambo moja sijamwambia mtu. Nilipokuwa nawashuku, nilikuwa na nguvu. Niliamka asubuhi nikiwa na kazi ya kuwatazama. Sasa kuna kifua tu.

Jumatano, 31 Januari

Kibakwe. Nimeshinda hapa siku nzima bila kusikia mtambo. Masikio bado yanavuma yenyewe.

Pampu ni ndogo, ya kijani, inatetemeka kama kuku anayetaga. Chumba changu ni cha matofali, dirisha moja linatazama mashamba ya maharage yanayopanda mlima. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni. Jirani mmoja, bibi mwenye kuni kichwani, ameniuliza mimi ni wa wapi. Nikasema Kasulu. Akasema ni mbali. Nikasema ndiyo.

Nimepanda mpaka kwenye tangi polepole. Nimesimama njiani, nikapumzika kwenye jiwe, nikapanda tena. Nimekohoa, lakini nimefika.

Mchana nimefua nguo za mtamboni kwenye kijito. Maji yalitoka ya kijivu, kama uji wa majivu. Nikasuuza, bado kijivu. Nikaendelea kusuuza. Mikono ikafa ganzi kwa baridi. Mwishowe maji yakawa yanatoka kama yalivyoingia.

Nimezianika kwenye ua. Baadaye imeanza mvua nyembamba. Nimeziacha huko nje.